Sanduku la Kwenda Koleji

Mwezi wa nane, pwani ya Ziwa Tanganyika, upepo wa kusini unavuma siku nyingi tangu asubuhi hata jioni. Mawimbi yanapiga mchanga, na wanawake wanaoanika ndagala wanafukuza kunguru. Mwezi huo ndio wa habari za shule. Watoto waliomaliza darasa la sita wanajua sasa nani ataendelea na masomo na nani atabaki.

Katika kijiji kimoja cha wavuvi, kusini ya Moba, kijana wa miaka 12 alipata karatasi iliyotoka katika koleji moja ya mapadri huko Kalemie. Alikubaliwa. Karatasi ilieleza siku ya kufika, na chini yake ilitaja vitu ambavyo kila mwanafunzi mgeni alipaswa kuja navyo. Iliandikwa kwa Kifaransa.

Baba yake hakujua Kifaransa, wala hakujua kusoma. Alijua ziwa. Tena ilikuwa siku za mbalamwezi, na kwa hiyo alikuwa nyumbani usiku. Maana ndagala huvuliwa kwa taa: samaki wale wadogo hupenda mwangaza, hukusanyika wengi kuzunguka taa, na wavuvi huwanyanyua kwa wavu. Mwezi ukiwa mpevu maji yote yanang'aa, samaki hawakusanyiki tena penye taa, na mitumbwi hupumzika mchangani siku kadhaa.

Basi usiku ule baba akaketi mlangoni, akasema: «Lete karatasi yako, mwanangu. Soma pole pole, kitu kimoja kimoja.»

Kando ya mguu wake alikuwa na mawe madogo aliyoyaokota pwani. Kijana aliposoma «madaftari», baba aliweka jiwe moja chini. Aliposoma «kalamu», akaweka la pili. Ndivyo alivyozoea kufanya na vyombo vyake vya uvuvi. Kabla ya kusukuma mtumbwi alivihesabu vyote: taa, wavu, makasia, kamba, na kopo la kutolea maji. Alivihesabu mchangani, akavihesabu tena ndani ya mtumbwi. Alisema kwamba kitu kilichosahauliwa nyumbani hakiitiki ukikiita katikati ya ziwa.

Kijana akasoma: rula, bikari, sabuni, shuka, sahani, jembe. Kisha, alipofika karibu na mwisho, akasoma kwa sauti ileile: «Na mkoba wa mgongoni, wenye zipu.»

Maneno hayo hayakuandikwa katika karatasi.

Mkoba wa namna hiyo alikuwa ameuona kwa mtoto wa mjomba wake, aliyekuja kutembea kutoka Lubumbashi. Ulikuwa mweusi, wenye mifuko mitatu. Tangu siku ile alijiona, kila alipofumba macho, akiingia koleji na mkoba ule mgongoni, na wengine wakimtazama. Baba aliweka jiwe chini. Mawe yalikuwa 14. Akayakusanya, akayatia katika kopo la zamani, akasema: «Vema. Tutatafuta fedha.»

Fedha hazikuwa nyingi. Shule za msingi za serikali na za misioni zilizopatana na serikali hazilipiwi tena tangu mwaka 2019, lakini koleji inalipiwa, na nauli ya mashua, na chakula. Mama alikuwa ameweka fedha za ndagala ndani ya mkebe tangu mwezi wa tano, nazo zilikusudiwa pia kununua nyuzi za kushonea wavu. Kijana alijua jambo hilo. Alilala vibaya, lakini hakusema neno.

Kesho yake akaenda kwa mwalimu wake wa darasa la sita, amweleze maneno asiyoyafahamu. Mwalimu huyo alikuwa mtu mzima mwenye subira. Hakumwambia majina tu. Kwa kila kitu aliuliza: «Hiki ni cha kazi gani?» Na kijana aliposhindwa kujibu, mwalimu alitoa kalamu yake ya risasi akaonyesha.

Walianza na madaftari, na hapo walikaa muda mrefu. Katika koleji nyingi za nchi yetu vitabu ni vichache. Mwalimu anaandika ubaoni, mwanafunzi ananakili. Na siku ya mtihani hana kitabu kingine ila kile alichojiandikia mwenyewe. Anayeandika ovyo anajinyima kitabu. Kwa hiyo daftari nene ni la masomo ya kila siku, kama hesabu na Kifaransa. Daftari jembamba linatosha kwa somo la mara moja katika juma. La hesabu liwe la miraba, tarakimu zipate kusimama moja chini ya nyingine. La Kifaransa liwe la mistari. Wengine hununua madaftari yote ya namna moja kwa sababu ya picha nzuri ya jalada, na mwezi wa kumi na mbili utawaona wanaandika jiografia nyuma ya dini. Picha ya jalada haisaidii kitu, maana jalada lenyewe litafunikwa.

Kufunika daftari si lazima kununua karatasi ya dukani. Mfuko wa saruji umetengenezwa kwa karatasi nzito, mara nyingi zaidi ya moja, moja ndani ya nyingine. Ile inayogusa saruji ina vumbi linalokausha na kuchoma ngozi, itupwe. Ya nje hupatikana safi. Ikipanguswa vizuri kwa kitambaa na kukunjwa, inalinda daftari mwaka mzima. Mafundi wajengao nyumba huwapa watoto mifuko hiyo bure, watoto wakiomba kwa adabu.

Kisha wakaja kwenye kalamu. Zamani watoto wa misioni waliandika kwa kalamu ya chuma, wakiichovya katika kidau cha wino, na vidole vyao vilikuwa na madoa siku zote. Mwezi wa kumi na mbili 1950, huko Ufaransa, ilianza kuuzwa kalamu ya Bic, ambayo watoto wote wanaijua leo. Kwenye ncha yake kuna kidude kidogo cha mviringo. Kinapozunguka juu ya karatasi kinachukua wino na kuulaza. Wino huo ni mzito, una mafuta, wala hauyeyuki upesi majini. Kwa mtoto wa kando ya ziwa hilo si jambo dogo. Kalamu ya kujazwa wino wa chupa ni nzuri kwa macho, lakini daftari lake likilowa, maneno yanakwenda na maji.

«Na kalamu ya risasi,» akauliza mwalimu, «ina risasi ndani?»

«Ndiyo, Mwalimu.»

«Haina. Jina linadanganya.»

Ndani yake mna jiwe jeusi laini linaloitwa grafiti, lililosagwa na kuchanganywa na udongo, kisha likachomwa motoni. Mfaransa Nicolas-Jacques Conté ndiye aliyepata hati ya ufundi huo mwaka 1795. Udongo ukizidi, kalamu ni ngumu na mstari wake ni mwembamba. Grafiti ikizidi, kalamu ni laini na nyeusi. Ndiyo maana pembeni mwa kalamu huandikwa herufi. H ni ngumu, inafaa kwa jiometri. B ni nyeusi, inafaa kwa kuchora. HB iko katikati, na mwenye fedha za kalamu moja tu achukue hiyo.

Halafu mwalimu akamfundisha namna ya kujaribu rula kabla ya kuitolea fedha. Piga mstari. Igeuze rula, upande wa kushoto uje kulia, lakini ukingo uleule ubaki kwenye mstari. Piga tena juu ya mstari wa kwanza. Mistari miwili ikilala pamoja, rula imenyoka. Ikiacha nafasi katikati kama mdomo uliofunguka, rula imepinda, mrudishie mwenyewe. Na bikari vilevile: zungusha duara moja, utazame kama mwisho wake unakutana na mwanzo. Ikiwa mguu wake unalegea, duara haifungi, na mwanafunzi atapoteza pointi si kwa ujinga wake, bali kwa sababu ya msumari uliolegea. Zipo bikari zenye sanduku la kupendeza, na ndani yake hakuna hata moja inayofunga duara.

Kila walipomaliza kitu, mwalimu alikitia alama ndogo kwa kalamu. Alama zilikuwa 13. Kijana alizitazama, akakunja karatasi, akashukuru, akaenda zake.

Siku ya kwenda Moba sokoni, alfajiri, baba akaleta kopo lile. «Tulihesabu mara moja,» akasema. «Soma tena.»

Kijana akasoma. Labda alifuata tu alama za mwalimu na kuusahau mkoba. Labda hakuthubutu kuutaja mara ya pili. Mtu mwenyewe mara nyingine hajui. Alisoma hata mwisho, na baba alikuwa akitoa jiwe katika kopo kwa kila neno. Karatasi ikaisha. Katika kopo likabaki jiwe moja.

Baba akalitikisa kopo, jiwe likalia. «Hili la nini?»

Kijana akanyamaza.

«Soma tena, mwanangu. Labda umeruka mstari.»

Akasoma tena. Jiwe likabaki. Mama aliacha kupepeta unga, akasimama na ungo mkononi. Ndipo kijana akasema, sauti ikimkauka: «Baba, hilo ni langu. Halimo katika karatasi.»

Wengi wangetazamia fimbo. Baba hakuinua mkono. Alitazama karatasi ile aliyoishika mtoto wake, akasema: «Mimi nikiitazama hiyo naona nyayo za kuku. Ninaona kwa macho yako tu.» Kisha akatia jiwe lile katika mfuko wa shati, akahesabu fedha za vitu 13, akampa.

Njiani kwenda Moba, mji ulioitwa zamani Baudouinville, baba na mtoto walisema maneno machache. Sokoni mama mmoja mchuuzi alitandaza madaftari, kalamu na rula juu ya turubai. Kijana alimwomba kipande cha karatasi, akaanza kujaribu rula moja moja. Ya kwanza ilipinda. Ya pili pia. Ya tatu ilinyoka, lakini sifuri yake ilifutika, hata usijue vipimo vinaanzia wapi. Mchuuzi akacheka: «Baba, mtoto wako anaoa rula ao anainunua?» Watu wakacheka pamoja naye. Kijana aliona haya, lakini aliendelea hata ya nne, na hiyo ilikuwa nzuri. Baba alikuwa amesimama nyuma yake, kama anavyosimama mvuvi anayemtazama mwingine akikagua wavu.

Mkoba mweusi nao ulikuwepo, umening'inizwa juu ya kijiti. Kijana aliutazama mara moja. Walipomaliza kupatana bei, zilibaki faranga chache, naye akazirudisha zote mkononi mwa baba. Kwa faranga hizo baba alinunua kufuli.

Mkoba wa madaftari mama aliushona mwenyewe kwa kitambaa cha gunia la unga, akaupindua ili maandishi ya kiwanda yaingie ndani. Ulikuwa mzuri wa kutosha.

Sasa likabaki sanduku. Lilikuwa la bati, la marehemu babu, lenye kutu pembeni. Kijana alitaka kutia vitu kama vilivyokuja mkononi, kwanza madaftari kwa kuwa aliyapenda. Baba akavitoa vyote. Mtumbwi haupakiwi hivyo, akasema. Kizito kinakwenda chini: sahani, kopo, viatu. Kinachoogopa maji kinakaa katikati, kimezungukwa na nguo, wala hakigusi bati, maana maji huingia kwa kupitia pembeni. Kitakachotakiwa kwanza kinalala juu. Sabuni ilifungwa peke yake, mbali na unga wa muhogo; wanaojua ladha ya unga uliokaa na sabuni hawahitaji kuelezwa. Madaftari yalitiwa katika mfuko wa plastiki na kufungwa kwa uzi wa wavu. Jembe lilifungwa nje, juu ya kifuniko. Kazi hiyo ilichukua saa nzima, na ilipokwisha kijana aliweza kusema, bila kufungua, kila kitu kiko wapi.

Waliagana pwani jioni. Mwezi ulikuwa haujatoka, na baba alikuwa na haraka ya kwenda kuvua. Mashua ya mota iliondoka Moba usiku, imejaa magunia, kuku na watu. Upepo wa kusini uliisukuma mgongoni. Mawimbi yaliruka juu ya ukingo, na abiria walijifunika turubai moja.

Asubuhi wakapita mbele ya Mpala, na mzee mmoja akaonyesha kwa kidole. Misioni hiyo Mapadri Weupe waliipokea mwaka 1885. Hapo Mpala, katika seminari ndogo, alisoma Stefano Kaoze, kijana wa nchi hiyohiyo ya Marungu, aliyepata upadri mwaka 1917, Mkongo wa kwanza katika nyakati hizi. Hata kabla ya upadri, mwaka 1910 na 1911, maandishi yake juu ya mawazo na desturi za watu wake yalipigwa chapa kwa Kifaransa. Kijana aliitazama pwani ile hata ikapotea. Aliwaza Kaoze aliandika kwa kalamu gani, na karatasi alizipata wapi.

Walipofika Kalemie, masanduku yalishushwa yakichuruzika maji. Mwanafunzi mmoja alikuwa amechukua chupa ya wino katikati ya mashati yake meupe. Chupa ilipasuka. Mashati yote yalikuwa na madoa ya samawati, naye alilia pale gatini bila kujificha, na wenzake walimsaidia kuyafua. Kijana wa kusini ya Moba alifungua sanduku lake kwa woga. Shuka ililowa pembeni, sabuni ililainika kidogo. Madaftari yalikuwa makavu.

Siku ya kwanza padri wa nidhamu alipita kati ya vitanda na karatasi mkononi, akitaja vitu kimoja kimoja, na kila mwanafunzi alipaswa kuonyesha chake. Kijana alitoa vyote 13, bila kupekua. Wengine walikuwa na mikoba yenye zipu, lakini hawana bikari. Wakapewa juma moja la kuitafuta. Padri aliutazama mkoba wa gunia, akaugeuza, akaona maandishi ya kiwanda ndani, akatabasamu, akaendelea na kitanda kingine.

Baadaye ratiba ya masomo ikabandikwa ukutani. Wanafunzi wageni waliizunguka wakisukumana, na wengi walisema wataikumbuka kichwani. Kijana aliinakili yote, siku kwa siku, saa kwa saa. Tangu usiku ule, kabla ya kulala, aliisoma ratiba ya kesho, akapanga madaftari ndani ya mkoba kwa kufuata saa zake: la saa ya kwanza mbele, la mwisho nyuma. Akachonga kalamu ya risasi. Mambo hayo hayakuchukua muda mrefu kuliko sala ya jioni. Majuma ya kwanza Kifaransa kilimshinda, na jiometri haikuwa nyepesi hata kwa rula iliyonyoka. Lakini mwalimu alipoingia darasani, yeye alikuwa amekwisha kufungua ukurasa.

Ilikuwa katika juma la tatu, alipotoa vitu vyote ili afute kutu ya sanduku, ndipo aliposikia kitu kikilia juu ya bati. Alikiokota. Ni jiwe dogo la pwani, laini, la kijivu. Lilikuwa limefichwa chini kabisa, ndani ya kiatu. Hakumwona baba alipolitia humo.

Alikaa nalo kitandani kitambo. Dirisha la bweni linaelekea ziwa, na usiku huo hakukuwa na mwezi. Taa za wavuvi zilikuwa nyingi juu ya maji, kama kijiji kingine. Upepo ukaingia, ukaipeperusha ratiba yake iliyokuwa juu ya sanduku. Akaiokota, akairudisha mahali pake, akaweka lile jiwe juu yake.